Mtani Aliyekufa Mara Mbili

Renatus Masolwa ni fundi cherehani wa Isevya, mjini Tabora, na kama angetosheka na kushona nguo, mtu asingekuwa na neno naye. Suruali zake zinadumu. Sare za shule huzishona kubwa kidogo ili mtoto akue ndani yake, na wazazi wanampendea hilo. Barazani kwake pana cherehani ya miguu, kiti cha mteja, na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli tangu kifuniko cha betri kilipopotea. Kilichomponza ni hiyo redio.

Miaka michache iliyopita redio ya jamii ya hapa mjini ilianzisha kipindi cha Jumamosi asubuhi, kikaitwa Tulikopita. Kilikuwa kipindi cha mazungumzo. Wiki hii wanazungumzia mabomba yasiyotoa maji, wiki ijayo majina ya zamani ya mitaa, siku nyingine ngoma, siku nyingine ugomvi wa wakulima na wafugaji kule Igunga. Masolwa alikuwa hapitishi wiki bila kupiga simu. Alibishana na kila mgeni, awe anajua au hajui, na yeye mwenyewe mara nyingi alikuwa hajui. Mwishowe Recheli, binti aliyekuwa mtayarishaji wa kipindi, akamwambia, "Mzee Masolwa, shikamoo. Hebu njoo ukae huku ndani, ubishane vizuri."

Siku aliyokwenda ndiyo siku alipoalikwa Selemani, mstaafu wa reli, Mzaramo wa Kisarawe aliyeletwa Tabora na kazi akiwa kijana na asirudi tena kwao. Alikuwa ametulia, kofia yake imekaa sawa, ameandaa maneno mazuri kuhusu gari moshi. Recheli akamuuliza kilichomfanya aipende Tabora. Kabla hajafungua kinywa, Masolwa alishamjibia.

"Alifuata ugali. Kwao wanakula nazi mpaka ulimi unateleza, ndiyo maana hata maneno hayakai mdomoni."

Selemani akageuka taratibu, akamtazama kama mtu aliyeona nguo yake iliyopotea imevaliwa na mwingine. "Kumbe ni Mnyamwezi huyu! Mbona hamkuniambia? Binti, mimi nilikuja huku kuangalia wapagazi wetu kama walifika. Babu yangu alimtwika babu yake mzigo wa nguo pale pwani, mpaka leo mzigo hatujauona. Nadhani ndizo anazozishona."

Hapo simu zikaanza kulia na hazikunyamaza mpaka kipindi kikaisha. Maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, na huku kwetu hilo si jambo la kufundishwa. Wazee wetu walibeba pembe na mizigo mpaka pwani, wakakaa huko miezi wakingoja msafara wa kurudi, wakatukanana na wenyeji mpaka wakazoeana, na tangu hapo mmoja humwambia mwenzake lolote na mwenzake hana ruhusa ya kununa. Mtani anaweza kuingia kwako akaondoka na kuku. Akija msibani kwako anajilaza chali mbele ya jeneza, anakataa lisipite mpaka apewe chochote, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Asipofanya hivyo watu husema marehemu ameondoka mkavu.

Recheli hakuwa mjinga. Aliwaweka wote wawili, kila Jumamosi, na kipindi kikasikilizwa kuanzia Sikonge mpaka Nzega. Wanawake walichambua mboga wakikisikiliza, na wenye baiskeli walisimama kwenye mabanda ya chai wasipitwe. Mtu akilalamikia dampo la taka, Selemani anasema limeletwa na Wanyamwezi kichwani. Mtu akilalamika kwamba kazi ya barabara imelala, Masolwa anasema huenda imepewa Wazaramo. Lakini kwa ujanja huo wa kuchekesha, mambo yalisemwa, na viongozi walioogopa barua za wananchi walikuja wenyewe kujieleza mbele ya wale wazee wawili.

Siku moja tu ndiyo hawakucheka. Mada ilikuwa wapagazi waliofia njiani. Bibi mmoja wa Sikonge aitwaye Theodora alipiga simu akaeleza aliyoyasikia kwa bibi yake: kwamba mtu akiugua safarini, kwanza waliutua mzigo wake wakampa mwingine, kisha wakamlaza kivulini na kumwachia maji, halafu msafara ukaendelea. "Mzigo ulipata wa kuubeba," alisema yule bibi. "Mtu hakupata." Masolwa akamtazama mwenzake. Aliona amevua kofia na kuishika mapajani.

Walipotoka nje Selemani alisema, "Mtani, mimi huku sina ukoo. Zabibu wangu katoka Ujiji, naye hana mtu. Mungu hakutupa watoto. Naogopa siku yangu nitabebwa na watu wachache, kama yule wa njiani."

"Wachache hawakuwezi. Unakula sana," Masolwa alianza, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamshika mkono. "Mimi mwenyewe nitasema hewani. Nikisema mimi, Tabora nzima itakuja. Utanung'unika kaburini kwa kelele."

Selemani akasema haya, ameahidiwa, na wakaagana.

Sasa sikia walivyoiharibu ahadi hiyo kwa mikono yao wenyewe, watu wazima wenye mvi.

Jumamosi moja kiti cha Selemani kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwenda Sikonge kutafuta asali na hakumuaga mtu. Masolwa alikasirika, na mtani akikasirika hulipiza kwa utani. Akasogea kwenye kipaza sauti, akashusha pumzi ndefu, akasema kwa sauti iliyomtetemesha hata Recheli, "Wasikilizaji wetu, Selemani wetu hatunaye tena. Maziko ni alasiri, nyumbani kwake." Akanyamaza. Kisha akaongeza kwamba marehemu ameuawa na uvivu, na kwamba kila atakayekuja aje na nazi moja ya kumzindulia. Lakini kwa wengi hayo ya mwisho yalisemwa kwenye nyumba tupu. Walikuwa wameshatoka.

Watu walikuja. Walikuja na unga, na kuni vichwani, wanawake wamejifunga khanga viunoni, wanaume na majembe. Selemani alikuwa anakaa nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Isikizya, mtaa mpya wenye nyumba moja hapa na nyingine kule, na siku hiyo uwanja wake ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye shamba la karanga la jirani. Yeye mwenyewe akashuka kwenye lori la Sikonge na ndoo ya asali, akaona umati mlangoni pake. Alijua Zabibu amekufa. Akaitupa ndoo, akakimbia akilia, "Mke wangu! Mke wangu!" Waliomwona wakatimua mbio, wengine wakiangusha kuni. Mzee mzima alibaki katikati ya uwanja analia, na watu wanamkimbia.

Walipoelewa, walicheka mpaka wakakaa chini. Ule unga ulipikwa siku hiyo hiyo, wakala na ile asali iliyobaki kwenye ndoo, isipokuwa chupa chache alizoziweka Zabibu. Selemani alikwenda Isevya akachukua jogoo wa Masolwa mkubwa kuliko wote, bila kuomba. Lakini kabla ya kuondoka na jogoo wake kwapani, alisimama barazani, akasema kwa sauti ya chini:

"Nimewaona, mtani. Nimewaona wote waliokuja. Sasa hata nikifa leo sina wasiwasi."

Masolwa anasema hajawahi kumwona amefurahi vile.

Wangeishia hapo, pasingekuwa na neno. Lakini deni la utani halilali. Baada ya muda Selemani naye akamtangaza Masolwa marehemu, na ili aaminiwe akamfanya Zabibu apige simu hewani akilia na kusema ametoka sasa hivi Isevya na ameiona maiti. Apolinaria, mke wa Masolwa, alikuwa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Mtu akamnong'oneza, akaanguka katikati ya wimbo. Siku nyingi alimpakulia mumewe chakula bila kumsemesha. Watu walikuja tena Isevya, ingawa si kama mara ya kwanza, wakamkuta marehemu anampima mtu kiuno.

Wenceslaus, mwenye bucha pale jirani, ndiye pekee aliyekasirika. "Nimefunga bucha mara mbili kwa ajili ya maiti," alisema, "na maiti wote wawili wamenipa mkono. Mimi sifungi tena." Watu wakamcheka yeye.

Uongozi wa redio ukawaonya. Recheli aliyekuwa amecheka hewani akiwa karibu na kipaza sauti, akaonywa naye. Wazee wakaahidi kuacha, na kwa kweli hawakutangaza tena kifo kwa namna ile. Ila mchezo ulikuwa umeshawatoka mikononi. Selemani akichelewa kidogo, wasikilizaji wenyewe wanapiga simu kuuliza kama amezikwa. Masolwa akikohoa wanauliza nani atarithi cherehani. Viapo vyote walivitumia katika mizaha hiyo: waliapa kwa makaburi ya mama zao, kwa Biblia na kwa Msahafu, kwa haki ya Mungu. Hawakubakiza hata kimoja cha akiba.

Masika yalipokuja mvua ilinyesha usiku kucha, ikaangusha nguzo, na Jumamosi hiyo mji ukaamka bila umeme. Redio ilikuwa na jenereta, kwa hiyo kipindi kilikuwepo. Ngoma ya kufungulia ilikuwa inapigwa, Masolwa ameshakaa, kiti cha pili kitupu, simu yake ikaita. Alikuwa Zabibu.

"Shemeji, Selemani amefariki."

Masolwa akacheka. "Mwambie akafie huko huko njiani, kiti chake kinapoa."

"Shemeji."

"Na leo ulie vizuri. Ile siku yangu ulilia kama mbuzi."

Zabibu hakulia. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Alikuwa anavaa viatu aje huko. Kimoja bado kiko mguuni, nimeshindwa kukivua. Naomba mtu anisaidie kukivua."

Masolwa akaacha kucheka. Ngoma ilikuwa imekwisha na taa nyekundu imewaka, na Recheli anampungia mkono kutoka upande wa pili wa kioo aanze.

"Mwangaluka, wasikilizaji," alisema. Sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Selemani amefariki. Mkewe amenipigia sasa hivi. Huu si utani."

Simu ya kwanza ilitoka Nzega, na mtu alikuwa anacheka hata kabla ya salamu. "Mzee, hapo pa kusema si utani ndipo unapotuua!"

"Ndugu yangu, nakwambia amekufa. Atazikwa leo, baada ya alasiri. Njooni."

"Na nazi tulete?"

Akapiga mwingine, na mwingine. Masolwa akaapa, wakamshangilia. Akaanza kulia, kilio cha kweli kinachomtoa mtu kamasi, na mama mmoja akampongeza kwamba leo ametia fora, hata yeye huko aliko alitaka kulia. Recheli akaingia, akachukua kipaza sauti, akajitaja jina lake na la baba yake, akasema habari hii ni ya kweli na ameithibitisha. Ujumbe ukaingia: kumbe na Recheli mmemwingiza kwenye mchezo. Mwishoni akapiga Wenceslaus.

"Salamu kwa marehemu," alisema. "Mwambie yale maini aliyoniagiza yapo, aje kuyachukua kabla ya mchana." Akakata.

Masolwa akavua zile spika za masikioni na kuziweka mezani. Hakumaliza kipindi. Nje alipanda pikipiki, na njiani akamwomba dereva asimame pale buchani. Mvua ilikuwa inanyesha, na uso uliolowa mvua haumwambii mtu kitu. Alitaka kusema mengi, akasema tu, "Wenceslaus, njoo." Wenceslaus akaangua kicheko, akawaita wateja wake waje wamwone mzee anavyojua kuigiza. Muda ulikuwa unakwenda na Zabibu alikuwa peke yake. Masolwa akapanda tena pikipiki.

Kwa Selemani alikuta majirani wa zile nyumba chache, wastaafu wawili wa reli, na shehe Sabiri wa msikiti mdogo wa pale. Shehe alikuwa amejaribu kutangaza, lakini spika ya msikiti bila umeme ni sufuria tu juu ya mti. Alimtuma mtu mjini kwa baiskeli. Mtu alirudi amelowa, akasema kila anayemwambia anamuuliza kama ametumwa na wazee wa redioni.

Marehemu alioshwa, akavishwa sanda, akaswaliwa. Masolwa ni Mkatoliki, akasimama pembeni na rozari mfukoni, macho yake barabarani. Kila mlio wa pikipiki ulimfanya anyooshe shingo. Shehe alingoja kidogo kupita ilivyo desturi, kwa ajili yake, kisha akamwendea akamwambia taratibu kwamba maiti haiwekwi.

Gari dogo lililoazimwa lilikuwa limekwama kwenye tope la kijito, na makaburi yako ng'ambo. Ikabidi Selemani abebwe kwa mabega.

Hapo Zabibu alitoka mlangoni. Wanawake walimshika mikono, naye mkononi alikuwa na chupa ya asali, ile ile ya Sikonge, chupa ya mwisho. Alimtazama Masolwa akasema, "Shemeji, usimwache aende mkavu." Alikuwa ameleta malipo ya mtani. Alikuwa anangoja Mnyamwezi ajilaze mbele ya jeneza, amtukane mumewe, amkatalie njia, ili yeye amwombe na kumpa ile chupa, na apate kucheka kidogo siku aliyofiwa.

Masolwa alitaka. Anaapa kwamba alitaka, na mimi namwamini. Lakini wanaume waliokuwepo, ukitoa wazee wasiojiweza na waliotangulia kuchimba, walikuwa wanatosha kushika jeneza na hakuna wa ziada. Kama angejilaza chini, upande wake ungeshikwa na nani? Alisimama kidogo, akaangalia tope, akamwangalia Zabibu. Kisha akainama, akatia bega lake, na jeneza likanyanyuka. Alipita mbele ya Zabibu na mzigo wake, na Zabibu akabaki pale mlangoni na chupa mkononi.

Anayejua maziko ya Tabora anajua kwamba jeneza huelea. Unalishika hatua chache tu, mwenzako anakusukuma naye apate thawabu, mwingine anamsukuma huyo, na linakwenda juu ya mikono ya watu utafikiri lina haraka zake. La Selemani halikuelea. Lilikwenda likiyumba, na waliolishika mlangoni ndio waliolishusha kaburini. Goti la Masolwa lililochoshwa na miaka ya kukanyaga cherehani lilianza kumuuma kabla hawajafika kwenye kijito. Alifanya wanavyofanya watu wote: alitoa mkono mmoja nyuma, apokelewe. Mkono ukabaki hewani. Akageuza shingo. Nyuma palikuwa na mvua na njia tupu.

Ndipo akakumbuka babu wa Kizaramo aliyemtwika mzigo babu wa Kinyamwezi. Miaka yote Selemani alikuwa akisema hewani, "Siku nikifa utanibeba, ndiyo kazi yenu." Ulikuwa utani wa kufaa kabisa kwa saa ile. Alitaka kuusema kwa sauti, mtu acheke, marehemu aende amechekewa. Aliowaona kando yake walikuwa wanaume wanaohema, macho yao kwenye tope. Akasema kwa kunong'ona, mdomo wake karibu na ubao, "Mzaramo wewe, umenipata." Hakuna aliyesikia.

Walimzika kabla ya magharibi.

Kesho yake umeme ulirudi, na habari ikaenea jinsi inavyoenea habari ambayo haihitajiki tena. Watu wakaja. Jamani, walikuja! Unga, kuni, sukari, mikeka, mpaka shamba la karanga likakanyagwa tena. Wenceslaus alikuja na paja zima la mbuzi, akalia hadharani kama mtoto, na alipomwona Masolwa akamshika mabega.

"Mzee, mbona hukuniambia ukanishika hata shati?"

"Nilikwambia njoo," Masolwa alisema.

Zabibu aliwapokea wote kutoka ndani, alikokuwa ameanza kukaa eda. Hakumlaumu mtu. Alimwambia Masolwa kwamba naye alilia uongo redioni, hivyo wote wawili walifunga mlango ule ule wa kuaminiwa. Kisha akamwomba asimletee watu zaidi, kwa kuwa nyumba imejaa na aliyekuwa anawataka hayupo.

Jumamosi iliyofuata Masolwa hakutaka kwenda redioni. Recheli alimfuata nyumbani. Alimwambia, "Babu, watu wanataka kuomba radhi, na sina wa kumpa radhi hizo isipokuwa wewe." Akaenda. Kiti cha pili kilikuwa pale pale, hakuna aliyethubutu kukiondoa wala kukikalia. Waliopiga simu walizungumza kwa adabu ya msibani. Bibi Theodora wa Sikonge alisema amemswalia kwa namna yake ya Kimoraviani, kwa sababu hajui nyingine. Masolwa aliwashukuru mmoja mmoja. Hakutania hata mara moja, na kipindi kilikwenda kizito mpaka karibu na mwisho, Wenceslaus alipopiga.

"Mzee wangu," alisema, "nina swali, na usinifikirie vibaya. Silali kwa ajili yake. Hivi na wewe siku yako ikifika, sisi tutajuaje?"

Swali hilo hata Masolwa lilimnyima usingizi. Apolinaria atatangaza, na watamwuliza kama nazi waje nazo. Mtu mwenye haki ya kumtania akifa, aliyeahidi kujilaza mbele ya jeneza lake na kudai mbuzi mzima, ndiye waliyemzika juzi juzi kwenye mvua. Alifikiri, akapata jibu, akalisema kwa uzito wote aliokuwa nao.

"Msingoje redio. Mimi cherehani yangu huitoa barazani kila asubuhi, hata Jumapili huitoa niipanguse. Ukipita Isevya ukaona baraza tupu, usiulize mtu. Ingia ndani. Ingia na jembe."

Wenceslaus akacheka. Alicheka kwa nguvu, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Hapo sasa! Huyo ndiye Masolwa wetu! Tulidhani tumekupoteza na wewe!"

"Nasema kweli, Wenceslaus."

"Ndiyo, ndiyo, unasema kweli!" Na akazidi.

Simu zikafuatana kama zamani. Mmoja aliuliza jembe liwe na mpini au bila mpini. Mwingine wa Nzega akauliza kama atakayefika kwanza ndiye atakayepewa cherehani. Upande wa pili wa kioo Recheli alikuwa anafuta macho, anatabasamu, kwa kuona kipindi kimepona. Masolwa alikitazama kile kiti kitupu. Akafungua kinywa awakatalie kwa mara nyingine, akaona haitasaidia kitu, akasogeza kipaza sauti karibu akacheka nao.

Siku hizi huitoa cherehani barazani kabla hata hajanawa uso, awe mzima au ana homa. Wapita njia wa alfajiri wanaoelekea sokoni humwona amekaa nyuma yake, kitambaa hana, mteja hana. Humwamkia, halafu humtania kwa mapenzi kabisa, "Mzee Masolwa, leo hujafa?"

Naye huwajibu, "Bado."